Kompyuta Iliyokataa Kulala Nyumbani kwa Mpiga Chapa

La, hajasinzia. Huyo unayemwona amelaza shavu juu ya kompyuta iliyofungwa, macho ameyafumba, yuko kazini. Anasikiliza kama mashine inapumua.

Wanamwita Bisibisi, kwa kuwa ile bisibisi ndogo haitoki sikioni kwake hata akienda msibani. Ni fundi wa kompyuta za kupakata. Kibanda chake kimebanwa kati ya kinyozi na muuza viatu, na meza yake ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Kitasa bado kipo, anakitundikia nyaya.

"Kompyuta ikilala kweli inakuwa baridi, kimya, kama sufuria kabatini," anasema. "Ukiigusa ukakuta vuguvugu, ujue inajifanya. Si unamjua mtoto anayejifanya amelala? Kope zinacheza."

Ufundi huu aliuingia baada ya kiwanda cha redio alichokuwa akifanyia kazi kufungwa, watoto watatu wanamtazama mkononi. "Kuna miezi napata ada ya shule, kuna miezi napata salamu tu," anasema na kucheka peke yake.

Lakini kinachomchosha si ukata. Ni kushukiwa. Akifungua mashine ya mtu, mwenyewe anamkodolea macho kama anapekuliwa pochi. Na yeye taratibu kaambukizwa: anamshuku mteja, anamshuku muuza spea, siku nyingine anaushuku hata mkono wake mwenyewe.

Mashine iliyomlaza shavu leo ni ya mama mmoja mpiga chapa, anayewachapia wanafunzi kazi zao nyumbani kwake. Jioni anaiacha imejaa chaji, anaifunga, inalala. Asubuhi anaikuta imekata roho, tena ina joto kama chapati ya motoni.

Wa kwanza kushukiwa alikuwa fundi. "Betri uliyoniwekea ni kuukuu, umeifuta vumbi tu!" mama alimwambia pale kibandani, na kinyozi wa jirani akazima mashine yake ili asikie vizuri.

Basi Bisibisi akakaa nayo siku mbili, imelala. Chaji haikushuka kiasi cha kumshtua mtu. Akafurahi, akampigia mama simu kumwambia betri haina kosa. Hapo ndipo alipoharibu.

"Si nilisema!" mama akadakia. "Kwako inalala, kwangu hailali. Basi kwangu kuna mkono. Asante fundi, umenithibitishia."

Mkono wenyewe, kwa mawazo yake, ni wa wifi yake, dada wa mumewe. Alikuja kukaa wiki moja ndoa yake ilipovunjika, na wiki hiyo ikazaa wiki nyingine. Analala sebuleni kwenye kochi, karibu na meza ya kompyuta, na tabu ya chaji ilianza alipofika. Mama kashapiga hesabu: watu wakilala, wifi anaiwasha aangalie filamu. Kamwambia mumewe leo ndiyo mwisho, dada yake akishakula mchana aondoke.

Asante ile haikumkaa vizuri Bisibisi. "Betri nimeisafisha jina, nimemchafua mtu," anasema, akiokota mkoba wake wa vifaa na ile kompyuta. "Mwanamke anatolewa nje kwa ushahidi wangu. Twende."

Sebule ya mpiga chapa ni ndogo. Kochi, meza, na friji ya zamani iliyosimama humo humo kwa sababu jikoni hakuna soketi. Karibu na mlango kuna begi limefungwa zipu, tayari. Mwenye begi yuko jikoni anakoroga sufuria.

"Karibu, kaka fundi," anaita kutoka huko. "Umekuja kuchukua alama za vidole vyangu?"

"Nimekuja kuipima mashine, dada."

"Ipime. Mimi nimeshapimwa."

Mama anaguna. Mumewe, dereva wa lori aliyerudi jana kutoka safari, anazitazama kucha za miguu yake kama anazisoma.

"Mama, nionyeshe unavyoilaza," anasema Bisibisi. "Usinieleze. Nionyeshe."

Mama anaiweka mezani, anaiwasha na kuichomeka chaji kama kila jioni. Kisha anaifunga, anachomoa waya, anaifunika kitambaa chake cha kufumwa, anakinyoosha kingo. Basi.

Bisibisi anataka wote wakae anapowaona. Wifi anakuja, anakaa kwenye kochi na mwiko wake mkononi kama mtu aliyeitwa mbele ya hakimu. Kwenye matundu ya kitambaa, kitaa cha ubavuni mwa kompyuta kinapepesa taratibu. Maana yake imelala. Wanaitazama.

"Sasa tunangoja nini?" mume ananong'ona.

"Imelala," mkewe anamjibu. "Nyamaza."

"Mbona mimi nikilala hakuna anayenyamaza?"

Mara friji inashtuka. Ikianza kunguruma hiyo inatetemeka mwili mzima, mpaka bilauri zilizopangwa juu yake zinagongana. Kitaa kinaacha kupepesa. Kinawaka moja kwa moja. Feni ya kompyuta inaanza kuvuma chini ya kitambaa.

Watu wanne wapo pale, na hakuna aliyenyoosha hata kidole.

"Shetani," anasema mume, akiinua miguu kutoka sakafuni.

"Subiri kwanza." Bisibisi anafunua kitambaa, anapapasa ubavu wa mashine, anakuta kidude kidogo kama ukucha kimechomekwa. "Mama, hiki ni kipokezi cha mausi isiyo na waya. Mashine uliniletea, mausi hukuniletea. Iko wapi?"

Mama anajikohoza. "Nimeiweka mahali."

"Mahali gani?"

"Juu ya friji. Nyuma ya bilauri."

"Siku zote hukaa huko?"

"Tangu…" Mama anatazama kochi, kisha anatazama sakafu. "Tangu mgeni aje. Niliificha asiitumie."

Basi ni hivyo. Mausi ile ikitikiswa kidogo tu inaiambia kompyuta: amka, mwenyewe kaja. Kibandani mausi haikuwepo, ndiyo maana mashine ililala. Hapa friji ikitetemeka, mausi inatetemeka. Kompyuta inaamka, haioni mtu, inajipika ndani ya kitambaa mpaka betri inakauka.

Bisibisi anaishusha mausi, anaizima kwa swichi ya tumboni. Anachomoa kile kipokezi. Halafu anafungua kompyuta na kuiondolea mausi ruhusa ya kuiamsha, mtu asije akasahau akakichomeka tena. Kisha anaifunga na kuifunika.

Kwenye kochi, wifi anacheka. Anacheka mpaka mwiko unamdondoka, na kicheko kinageuka kitu kingine, anajifuta macho kwa mgongo wa mkono. "Wifi yangu, mimi hiyo mashine hata pa kuiwashia sipajui!"

"Nisamehe, wifi," mama anasema. "Nisamehe mwenzio."

Mume anajinyoosha kitini. "Mimi nilijua tangu mwanzo…"

"Ulijua nini?" wanawake wanamgeukia kwa pamoja. "Nyamaza!"

Bisibisi anakusanya vifaa vyake. Anasema akijaliwa atabadilisha kibao chake, aandike: Tunatembelea wagonjwa majumbani. "Ugonjwa mwingine hauji kibandani," anasema. "Unabaki nyumbani na watu."

Mama ananyanyua lile begi la mlangoni. Wifi anasimama ghafla. "Unalipeleka wapi?"

"Chumbani kwa watoto. Kochi litakuvunja mgongo. Na wewe fundi unakimbilia wapi? Chakula kimeiva."

Sahani zinaletwa. Friji inashtuka tena, bilauri zinagongana, na kila mtu anageuza shingo kutazama meza. Kitaa kinapepesa taratibu. Bisibisi haamini. Anakwenda kulaza kiganja juu ya kitambaa, anangoja, anangoja tena.

"Ni baridi," anasema. Ndipo anapovuta kiti, wifi anampisha mama nafasi kwenye kochi, na wote wanne wanakaa kula.