Mreno, Adhana na Idi Niliyokopeshwa

Enzi zetu pale Sharafiya, Jeddah, watu wazima waliona mbali, isipokuwa kwangu. Bibi yangu alisema sitaweza kuongoza hata kuku waingie bandani. Mwalimu wa madrasa akasema sauti ninayo, akili bado iko njiani. Leo nimerudi Unguja, diploma yangu ya ukocha imetundikwa sebuleni, na mgeni haondoki kwangu hajaisoma. Niliitafuta mwenyewe, bila mjomba ofisini.

Wenzangu mnaikumbuka ile lami nyuma ya mikahawa, moto wa kukaangia yai, nasi pekupeku. Goli lilikuwa ndala mbili. Mechi ilianza baada ya alasiri na kuisha kwa adhana ya magharibi. Muadhini akianza tu, matokeo ndiyo hayo, na mama zetu wameshatokeza madirishani kutuita majina yote mpaka la babu. Vijana wa leo refa akiongeza dakika nne wanataka maji, kivuli na daktari.

Kila mtoto alitaka kuwa mfungaji. Mimi nilitaka kuwa beki, kwa sababu ya Mreno mmoja tuliyemwona kwenye televisheni ya mkahawani: bandeji kichwani, kaptula imechanika, hacheki. Timu yake ilijilinda mpaka wapinzani wachoke, kisha ikafunga mwishoni. Bibi hakutaka hata kumsikia.

"Mreno? Si babu zetu waliwafukuza hawa? Leo weye ndo unamrudisha nyumbani kwangu!"

Basi mwaka mmoja binamu yangu Nassor, wa Al-Murabba kule Riadh, akatuma salamu kwamba watoto wa Jeddah mpira wanausikia redioni. Sikulala na hilo. Nikawashawishi wenzangu waache Idi ya ufukweni, na bembea, na aiskrimu, twende Riadh na basi la Ami Salim. Abdalla, mfungaji wetu, alikuwa mgumu kuliko wote.

"Nakukopesha Idi yangu," akaniambia. "Tukifungwa, utanirudishia."

Mimi pekee ndiye niliyekuwa na saa ya mkononi, kwa hiyo ukocha ulikuwa wangu. Mpango ulikuwa wa Kireno mtupu: wote nyuma mpaka ibaki nusu saa, ndipo tuwashukie. Nassor akatufunga mapema, kwa bahati tu. Nikawatuliza: "Tulieni. Saa ninayo." Nikaitazama, nikaona wakati mzuri umekaribia, nikainua mkono kuwapeleka mbele. Adhana ikalia.

"Halas!" Nassor akapiga kelele. "Magharibi hiyo!"

Abdalla akanigeukia. "Weye si umesema bado nusu saa?"

"Saa yangu haina kosa," nikamjibu. "Jua la Riadh ndilo lina haraka."

Na nilisema kweli. Saa ni moja nchi nzima, lakini jua linawachwea wao kwanza, sisi wa Jeddah nusu saa baadaye. Nimeshaeleza jambo hili mara nyingi, na diploma yangu inanipa haki ya kulieleza tena. Lakini ndani ya basi la kurudi hakuna aliyetaka jiografia. Kila mmoja alidai Idi yake.

Miaka ikaenda. Mreno magoti yakamkatalia, akavaa suti, akazunguka klabu na klabu akifukuzwa kwa heshima, mpaka akatua Riadh kama kocha. Vijana wa siku hizi, ambao ukocha wao wote uko kwenye vidole gumba, wanamwita mzee wa kujificha. Niliposikia amefika, nikampigia Abdalla, naye sasa ni babu. "Idi hii, Riadh. Nakuja kulipa."

Tukakusanyika wale wale, matumbo mbele, magoti yamefungwa bandeji kama kichwa cha Mreno. Sheria ile ile. Nassor alishahamia Jeddah kikazi zamani, akaja Riadh na wenzake wa huko kusalimia ndugu na kutucheka. Safari hii sikuvaa saa. Abdalla akafunga kwa tumbo, mpira ulimgonga yeye alipokuwa akifunga kamba ya kiatu, nasi wote tukarudi nyuma tukajipanga mlangoni. Nassor akawa anawatuliza watu wake: "Msikimbie, tutawamaliza. Bado nusu saa nzima."

Adhana ikalia.

Akaitazama saa yake mkononi. "Mbona mapema?"

"Muulize Abdalla," nikasema. "Yeye nilimweleza zamani."

Abdalla alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akanipa mkono mbele ya wote. "Idi yangu nimeipata." Wakapita mmoja mmoja, kila aliyenikopesha, wakasema vivyo hivyo.

Tulipotoka kuswali, taa kubwa za uwanja zilikuwa zimewashwa na vijana wameshauchukua, viatu vya rangi zote. Nikamuuliza mmoja mechi yao inaisha saa ngapi. "Hadi tuchoke, ami." Nikawaonea huruma. Hakuna wa kuwaita dirishani.