Utepe wa Msahafu

Kila ninapofungua gari lililokaa juani, harufu ya viti vilivyochemka hunirudisha nje ya lango la skuli, mtaani kwetu Ghubra. Baba alikuwa akija kunichukua akitoka kazini. Nyumbani kulikuwa na wageni na shughuli mpaka usiku, kwa hiyo ukurasa wake wa Kurani wa kila siku aliusoma pale pale garini, kabla hatujaondoka. Mimi nilikaa mbele, kwani njiani tulikuwa na mchezo wetu: nilimtajia rangi za taa za barabarani.

Siku moja njaa ilinizidi. Baba aliposhuka kununua maji, niliuhamisha utepe wa msahafu mpaka kwenye sura fupi za mwisho, ili amalize upesi twende nyumbani.

Alirudi, akafungua penye utepe. Kidole chake kilitembea juu ya mistari, na sauti yake ikaendelea na sura ndefu ya jana, pale alipoishia, bila kukosea. Nilitazama ukurasa. Maneno yale hayakuwamo.

"Baba, unasoma wapi?"

Kidole kilisimama. "Leo umekuwa mwalimu wa chuo cha Kurani?" Alicheka, lakini hakugeuka. Akafunga msahafu, akaubusu, akawasha gari.

"Mama yako usimwambie," alisema tulipoingia barabara kubwa. "Haya, nambie. Taa rangi gani?"

"Nyekundu, baba."

Gari halikupunguza mwendo; sauti yangu ndogo haikumfikia, na taa yenyewe hakuiona. Nikapiga kelele, mimi ambaye darasani hata jina langu nililitaja kwa kunong'ona.