Kibao Juu ya Mlango wa Muoki

Watu wa kanisa wanasema Ndunge alimvunjia babake heshima. Upuuzi mtupu! Mimi Benta, mama Okoth muuza samaki, ni jirani yao hapa Kaloleni, nilikuwepo, na nitasema nilichokiona hata wakinuna.

Babake, Muoki, ni mchongaji. Twiga, vifaru, vijiko vya saladi, vyote huvichongea hapo uani, na vumbi lake mimi hulipangusa kwenye sufuria zangu kila asubuhi. Ndunge alipopata A kidato cha nne, mzee aliwehuka kwa furaha. Hakumuuliza mtoto anataka kusomea nini. Alichukua kipande cha mjakaranda, akachonga kibao, "Dkt. Ndunge Muoki", akakipaka nta na kukipigilia juu ya mlango.

"Baba Ndunge," nikamwambia, "usikate kanzu mwana hajazaliwa."

"Mama Okoth, shughulika na omena zako."

Haya. Lakini mimi nilijua. Biolojia yule msichana aliikariri huku akilia. Hesabu na uchoraji je? Alikuwa akifanya huku akiimba. Kiti ninachokalia sasa amekitengeneza yeye kwa mabaki ya mbao za babake. Alinipima magoti kwanza, kwa sababu yananiuma, akakiinua kidogo ili nisihangaike kusimama. Alitaka kusomea kubuni fanicha chuo kikuu, basi. Alipomwambia babake, mzee alifoka mpaka nikasikia kupitia ukuta: "Sikula vumbi maisha yangu yote ili wewe urudi kulila!"

Siku ya mwisho ya kuchagua kozi iliangukia wiki ile waliyoandaa sherehe ya shukrani. Jumapili baada ya ibada uwanja ukajaa: mchungaji, jamaa kutoka Machakos, pilau ya kutosha. Muoki akasimama chini ya kibao chake, suti imemkaa.

"Daktari wetu, njoo uwasalimie watu!"

Ndunge alitoka na gauni lake la kanisani, mkononi ana patasi. Akavuta kiti changu, akapanda, akaanza kuiondoa ile "Dkt." Maranda ya mbao yakawa yanamwangukia babake mabegani.

"Wewe! Shuka!" Mjomba wake, Wathome, alikuja mbio.

Nikasimama mbele ya kiti. "Atakayemgusa aanze na mimi." Naye ananijua, akarudi nyuma.

"Baba," Ndunge alisema bila kushuka, "gogo likifika hapa unaligeuza, unaligonga, unatafuta nyuzi zake zinaelekea wapi. Ndipo unaamua kama ni twiga au ni bakuli. Ukililazimisha, linapasuka. Si wewe uliyenifundisha? Mbona mimi hukunigeuza hata mara moja?"

Mchungaji akainamia pilau yake. Mimi machozi yalinitoka, na sioni aibu kusema.

Ndunge alikibandua kibao, akampa babake. Muoki akapitisha kidole gumba pale palipokatwa, polepole, kama anavyokagua kazi ya vijana wake. Nilisubiri atukane. Akarudia tena. Pale mahali palikuwa laini, hapana hata mkwaruzo.

"Umefuata nyuzi," alisema.

"Nimefuata."

"Na hiyo kozi ya fanicha, umeshaichagua?"

"Asubuhi, kabla ya kwenda kanisani. Na siibadilishi, Baba."

Jamaa wakaguna. Muoki aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamgeukia shemeji yake. "Wathome, badala ya kupiga kelele, niletee nyundo."

Akakipigilia mwenyewe pale pale. Kipo mpaka leo: "Ndunge Muoki", na pembeni mahali peupe pasipo nta. Mteja akiuliza hapo palikuwa na nini, Muoki hafichi.

"Palikuwa na kosa langu," anasema. "Binti yangu alilirekebisha."