Mchuzi Niliofunzwa kwa Hila

Mama alinifunza kupika kwa wiki tatu, na wiki zote tatu alikuwa ananidanganya. Nasema mapema, msije mkadhani namteta: yeye mwenyewe anajua.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, nimeitwa shule ya bweni. Katika ukoo wetu hakuna mtoto wa kike aliyewahi kuitwa, na ile barua nilikuwa nailaza chini ya mto. Mama alikuwa mjane, fundi cherehani, na watoto wawili wa kulisha. Siku ya tatu baada ya barua kufika, aliniita jikoni akanipa kisu na kitunguu.

"Bwenini hakuna mama," akasema. "Usije ukarudi likizo hujui hata kujikaangia yai. Jifunze kujitegemea, mwanangu."

Nikaamini. Na alikuwa mwalimu mzuri, hilo simnyimi. Alinifunza kukisikiliza kitunguu: kikipiga kelele, punguza moto, kikinyamaza, umeshakiunguza. Maji ya wali yeye alipima kwa kidole. Changu kilikuwa kifupi, akacheka, akachonga alama kwenye mpini wa mwiko. "Hapo ndipo kidole cha mama kinapoishia." Nikacheka naye. Ningekuwa na akili ningejiuliza: mtu anayekwenda bweni anachongewa alama kwenye mwiko wa nyumbani kwa nini?

Siku zote alikuwa mtu wa "haraka haraka haina baraka", lakini safari hii alinikimbiza. Leo maharage, kesho nyama, keshokutwa mboga. Jumamosi ya tatu akasema mjomba, kaka yake, anakuja kula, na nipike peke yangu.

Mchuzi ulikuwa karibu kuiva. Nikageuka kuchuja mchele, na nilipogeuka tena nikamkuta mdogo wangu, msichana wa miaka sita, anamwaga chumvi sufuriani, kiganja kizima. Nilimzaba kofi.

"Ukipika vibaya mama hataondoka!" akalia.

"Aondoke aende wapi? Acha upuuzi."

Mama yangu namjua, nilijiambia. Nikamwaga mchuzi, nikaosha nyama kipande kwa kipande, nikaanza upya na nyanya. Sikutaka kuaibika mbele ya mjomba.

Mjomba, fundi viatu asiye na breki mdomoni, alikula mpaka akaifuta sahani kwa kidole. Akamgeukia mama. "Dada, huyu ameiva. Nenda zako, hapa hapaharibiki kitu."

"Aende wapi?" nikauliza.

Mama akaangalia sahani yake. Mjomba alidhani najua, akamaliza yote: mama amepata kazi ya kushona kiwandani, mji wa mbali, siku mbili kwa basi. Mimi nabaki na mdogo wangu. Shule wameshaandikiwa kwamba siendi.

"Wameandikiwa lini?"

"Aa, wiki tatu sasa. Barua nilipeleka mwenyewe."

Wiki tatu. Siku ya kitunguu.

"Mama, si ungeniambia tu?"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa!"

"Sasa mimi ningefanyaje, mwanangu? Shule haikimbii."

Kikulacho ki nguoni mwako, na mama yangu ndiye aliyenishonea nguo zote. Mdogo wangu hakusema "nilikuambia". Alisogea tu, akaniegemea kwa shavu lilelile nililolipiga.

Mama aliondoka Jumatatu na chakula cha njiani nilichompikia mimi. Shule ilikimbia, sikuipata tena. Dhiki yetu niliiona kwa macho, nisingemlaumu kwa hiyo. Ila ule mkono wake aliouweka juu ya wangu tukikoroga pamoja, nilidhani ni mapenzi. Mpaka leo sijui ulikuwa mkono wa mama au wa mtu anayefunga mizigo yake, na hilo linaniuma kuliko shule.

Sasa mimi ni mpishi wa hospitali, nalisha wagonjwa mia mbili, na mdogo wangu nilimsomesha mpaka akamaliza. Watu wakiusifu mchuzi wangu huuliza nani alinifunza.

Mwaka jana mgeni mmoja aliuliza nyumbani kwangu, na mama yupo mezani.

"Nilijifunza mwenyewe," nikamjibu, nikimtazama mama.

Mama alitafuna, akameza, akanisogezea sahani nimwongeze. Hakunisahihisha.