Joka la kofia yangu

Leo nimeikana kofia yangu mbele ya watu.

Mnajua nakusanya kofia za kale za wazimamoto wa Uingereza. Hii ya shaba ina joka kila upande. Nilipewa na Mzee Salum, Mtanzania wa ghorofa ya chini.

Leo kina mama wa maombi wamekuja kwetu, wakaiona.

"Yesu! Nyoka iko ndani ya nyumba! Ni ya nani?"

Mimi na aibu zangu: "Si yangu, mama. Mzee Salum ameiacha tu."

Eish.

Mzee alikuwa mlangoni, ameleta mkanda wa kidevuni alioushona kwa ajili ya kofia hiyo.

"Kweli, ni yangu," akasema taratibu. Akaibeba, akashuka.

Kina mama wakapiga haleluya. Mimi nimejifungia chooni, nawaandikia.

Nikimgongea mlango, naanzaje?