Kitambaa cha Ndahiro

Kiwanja cha ndege cha Gashenyi hakina mluzi tena. Ng'ombe hulala juu ya majani mafupi mpaka jua lipande, wakicheua kama waliorithi mahali pale, na ndege inayotoka Uvira huzunguka juu yao mara mbili, mara tatu, mpaka mtu yeyote aliye karibu akimbie na fimbo. Zamani rubani hakuzunguka. Alimwona Ndahiro.

Miaka kumi na miwili Ndahiro alisimama juu ya kinundu kilicho katikati ya kiwanja hicho, huko milimani juu ya ziwa. Kinundu kinaficha ncha moja isiione nyingine. Aliye juu yake tu ndiye anayeona zote mbili. Alipiga mluzi wa wachungaji, ule mrefu unaokatika mwishoni, na ng'ombe, hata wasio wake, waliinuka na kuondoka. Ndipo akainua kitambaa cheupe. Maana yake ilikuwa moja tu: hakuna ng'ombe. Kila mwaka aliomba aandikwe kazi, apewe hata koti lenye jina. Kila mwaka alijibiwa kwamba mluzi si kazi.

Kitambaa kilitosha kwa sababu ndege zilikuja moja moja.

Kisha mwezi wa nne mvua ilifunga milima kwa siku tisa, na siku ya kumi zikaja mbili. Ya kwanza ilitua, ikampakia Gédéon, jirani wa Ndahiro, na mkewe Amandine, aliyekuwa na uchungu wa siku mbili, mtoto amekaa vibaya tumboni. Ikaenda kusubiri njia ya kuruka kwenye ncha ya magharibi. Ya pili ikatokea mashariki, inashuka. Kusema na marubani ilikuwa kazi ya Déogratias, mtu wa redio. Lakini asubuhi ile betri ya redio ilikuwa inachaji simu za watu wa soko. Ndahiro alifukuza ng'ombe, akamwinulia kitambaa rubani anayeshuka, kama alivyozoea.

Rubani wa magharibi naye alikiona. Akadhani ni chake, akaanza kuruka.

Ndahiro alishusha kitambaa, akakipepea, akakitupa chini, akapiga mluzi mpaka midomo ikapasuka. Lakini mluzi ule walifundishwa ng'ombe. Ndege zilikutana hatua chache kutoka miguuni pake, bawa la moja likazama puani mwa nyingine kama kisu kwenye boga. Hakuna aliyefia pale. Gédéon alitoka amembeba mkewe, wanaume wakamlaza kwenye kipoyi, machela ya kubebwa mabegani, wakaanza kushuka kwa miguu. Hadi hospitali ya Uvira ni mwendo wa siku mbili. Amandine alikata roho siku ya kwanza, kabla hawajaliona ziwa.

Wiki ya pili wakaja wachunguzi kutoka mjini na karatasi za Kifaransa. Déogratias ndiye aliyewapokea. Mmoja wao, mpole, akamuuliza Ndahiro:

"Papa, weye njo agent wa kiwanja?"

Agent, yaani mtu aliyeandikwa kazi. Ndahiro alimtazama Déogratias. Déogratias alitazama viatu vyake.

"Miaka kumi na mbili," Ndahiro akasema. "Ni minye."

"Basi weka sinyatiri hapa, papa."

Akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi. Alipofika nyumbani alimwambia mkewe, Uwituze: "Wameniandika."

Jumapili karatasi ilikuwa imebandikwa mlangoni pa kibanda cha redio. Gédéon, aliyesoma mpaka sekondari, aliwatafsiria waliotoka kanisani: ajali ni kosa la agent wa kiwanja, aliyeruhusu ndege mbili kwa wakati mmoja, naye amekiri.

"Gédéon, kitambaa ni ya ng'ombe," Ndahiro akasema. "Unajua. Mulima muzima unajua."

"Nilijua mpaka hapa." Gédéon aliweka kidole juu ya sinyatiri. "Hii ni mukono ya nani?"

"Yangu."

"Na kwa nini uliandika?"

Angejibu nini? Kwamba alifurahi?

"Bibi yangu iko mu udongo," Gédéon akasema, "na weye unatafuta cheo."

Tangu siku ile, kila nyumba aliyoingia Ndahiro, kibuyu cha maziwa kilibaki kimefunikwa. Huko juu, mgeni asiyepewa maziwa hahitaji kuambiwa aondoke. Alivumilia miezi mitatu. Déogratias alipata betri mpya.

Ndahiro sasa yuko Kalundu, bandari ya Uvira, anashusha magunia ya saruji kutoka kwenye boti za Kigoma.