Fungu la Kwao Bibi

“Na hili ni la nani?”

Baba mkubwa aliuliza hivyo kila Krismasi, ameshika kipande cha mbavu kwa mikono miwili, damu ikimchuruzika hadi viwikoni. Mbuzi au ng'ombe akichinjwa nyumbani kwetu Mwika, kila fungu lilitangazwa kwa sauti mbele ya watu wote, lisije likazua manung'uniko baadaye. Hili la wajomba. Hili la mashemeji. Hili la mzee aliyetuazima kisu. Lakini akifika kwenye fungu la kwao Bibi, yaani la ukoo aliozaliwa bibi yangu mzaa baba, hakutangaza. Aliuliza. Mimi nilikuwa na miaka saba, Uhuru ndiyo kwanza umepita, na nilidhani ananiuliza mimi kwa sababu mimi ndiye niliyelibeba kulipeleka. 

“La kwetu,” Bibi alijibu kutoka jikoni.

“Kwenu wapi, mama?”

“Kata nyama wewe. Uliitwa ukate, hukuitwa uhubiri.”

Watu walicheka. Baba mkubwa alikuwa mwanawe wa kwanza, na huo ulikuwa mchezo wao. Lakini Bibi hakucheka. Alitoka na jani la mgomba alilokwisha kulipitisha motoni likalainika, akaifunga ile nyama, akaikaza kwa kamba ya mgomba, akaniwekea kichwani.

Bibi hakuwa na kwao. Aliletwa misheni akiwa mtoto mdogo, wakati Wajerumani bado wapo, akalelewa na masista pamoja na wasichana wengine, akabatizwa, akaolewa na babu kutoka pale pale. Babu alipokuja kuposa hakukuwa na mtu wa kumpelekea pombe. Kwetu mwanamke anaolewa lakini haachi kuwa wa kwao: nyama ikikatwa, ndugu zake wana fungu lao, na akifa, mmoja wao lazima aje aweke udongo kaburini kabla ya watoto. Bibi alidai fungu lake likatwe kama la wengine. Babu alikubali. Tatizo likawa ni pa kulipeleka.

Kwa hiyo alilipeleka kwa mfagiaji wa kanisa.

Huyu alikuwa kikongwe aliyeishi peke yake katika kibanda nyuma ya kanisa. Hakuwa na mume, wala mtoto ambaye mtu aliwahi kumwona. Alifagia kanisa, uwanja wake na njia yote mpaka barabarani kwa ufagio wa fito, ameinama hata asipofagia. “Yeye hana mtu na mimi sina mtu,” Bibi aliniambia. “Mpe. Mwambie ni fungu la kwetu.”

Nilimpa, nikamwambia. Kila mwaka alilipokea kwa mikono miwili na kuliweka chini bila kulifungua. Kisha aliniambia, “Fungua mdomo.” Alinishika kidevu akayatazama meno yangu, ya chini kisha ya juu, kama mtu anayenunua mbuzi. Nilipong'oka meno ya mbele alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda. “Mwambie bibi yako nimekula,” alisema. Alikuwa hajala hata kipande.

Mfagiaji yule alikufa nikiwa shule ya bweni, kidato cha pili. Krismasi ile baba mkubwa aliuliza swali lake kama kawaida, na safari hii Bibi akakawia kujibu. Jani lilikuwa tayari mikononi mwake. Mwishowe aliingia nalo ndani, na fungu lile likabaki juu ya majani ya mgomba pale uani, nzi wakilizunguka, mpaka mama yangu alipoliondoa.

Ndipo Bibi alipoanza kuniambia: “Wewe unayesoma, nitafutie kwetu.”

Nilifika chuo kikuu, Mlimani, nikiwa tayari mtu wa ubishi, na kule nikapata wenzangu wa kubishana nao. Tulihoji ukoloni, kanisa, mahari, bei ya kahawa, hata chama kilichokuwa kinatusomesha bure. Nilirudi likizo ya mwaka wa pili na nywele nilizoacha zisimame, nikamkuta Bibi anapalilia migomba kihambani, shamba la ukoo nyuma ya nyumba. Nilimwamkia. Aliitikia marahaba, akanitazama kichwani.

“Vitana vimeadimika na huko Dar?”

“Vipo, Bibi. Ndivyo tunavyozifuga.”

“Haya. Umekuja na kwetu?”

Nilimwambia nitaanza kesho, lakini kwanza anieleze anachokikumbuka. Nilitoa daftari. Niliketi juu ya gogo nikawa namhoji kama nilivyofundishwa kuhoji watu kwa ajili ya utafiti.

Alikumbuka mgongo. Mgongo wa mwanamke, na harufu ya moshi na samli. Alikumbuka ameshushwa karibu na mti wa misheni na kuambiwa asigeuke. Masista walimwambia baadaye kwamba alitangulia kuota meno ya juu kabla ya yale ya chini, na enzi hizo mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa mkosi, ukoo haukumwacha aishi. Alifichwa mpaka siri ikajulikana akiwa tayari anajua kusema, ndipo aliyemleta akamwiba.

“Halafu kulikuwa na ndizi,” alisema.

“Ndizi gani?”

“Ndizi mbivu. Kwenye jiwe tulipokuwa tunaoshea miguu. Zilikuwa zangu, wengine hawakuwekewa. Miaka mingi. Nilijua ni mama yangu.”

“Ulimwona?”

“Hapana.”

“Mtu mwingine alimwona?”

“Hapana.”

“Sasa ulijuaje, Bibi? Pengine ni masista walioziweka. Pengine mtoto mwenzako alizisahau.”

Aliegemea jembe. “Ndizi hazitembei, mjukuu wangu. Na Sista hakuwa mtu wa kuacha ndizi kwenye jiwe. Yeye aliziweka mezani, kisha tunaomba, kisha tunagawana nusu nusu.”

Niliandika daftarini: *Ndizi, haina ushahidi.* Ninalo daftari hilo hadi leo.

Kesho yake nilikwenda ofisi ya usharika. Karani alikuwa mwalimu mstaafu, sweta lake limetoboka viwiko, mmoja wa wazee wachache waliosalia waliojifunza Kijerumani kwa wamisionari wenyewe. Nilimwamkia, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani, na nilipomwambia akasema, “Ah, wewe ndiye yule wa Mlimani asiyekuja kanisani.” Hata hivyo alifungua sanduku la bati na kutoa kitabu cha ubatizo kilichofungwa kwa kitambaa cha madhabahuni kilichochakaa. Karatasi zake zilikuwa na rangi ya chai. Mwandiko wenyewe ulikuwa wa kizamani, wa vijiti vijiti, mimi sikuweza kuusoma hata herufi moja.

Alitafuta kwa kidole, polepole, akinisomea majina ya watu ambao wajukuu zao nilisoma nao. Tulifika.

“Huyu hapa. Namba arobaini na tatu. Msichana, umri wa miaka mitano hivi. Ameletwa misheni. Baba,” akasogeza kidole, “kistari. Mama, kistari. Msimamizi wa ubatizo ni Sista.”

“Kistari maana yake hawakujulikana, au hawakuandikwa?”

“Kistari ni kistari.”

“Lakini mwalimu, ni vitu viwili tofauti. Aliyeandika alijua akanyamaza, au hakujua?”

“Binti, aliyeandika amekufa.”

Nilibishana naye karibu saa nzima. Nilimuuliza kwa nini wazungu waliona ni sawa kumwandika mtoto bila kuwatafuta wazazi wake. Nilimuuliza kama kuna barua, kama kuna daftari la masista, kama kuna mzee aliye hai anayekumbuka. Alinijibu kimoja kimoja: barua zilikwenda Ujerumani. Hakuna. Hakuna. Pembeni mwa mstari wa Bibi kulikuwa na namba ndogo, 212, kwa wino mweusi zaidi ya ule wa mstari wenyewe. Niliiona. Nilimuuliza, “Na hii?”

“Hesabu zao tu. Wajerumani walipenda namba.”

Nikaamini. Katika asubuhi yote ile nilihoji kila jambo nililoambiwa isipokuwa hilo moja. Nilinakili mstari mzima kwenye daftari, vistari na vyote, na namba ile sikuiandika.

Bibi alikuwa ameketi mlangoni anachambua maharage. Aliniona nikiingia, akaacha.

“Hawakuandikwa, Bibi.”

“Hata mama?”

“Hata mama. Hakuna mahali popote panapoonyesha kwamba kuna mtu aliyekujua pale misheni. Nimeangalia.” Kisha nikaongeza, kwa sababu niliona ni haki aupate ukweli wote: “Hata zile ndizi, nadhani ulikuwa mtoto na ulitamani iwe hivyo.”

Nilisema taratibu, nimemshika mkono. Nilidhani nampunguzia mzigo. Aliuacha mkono wake ndani ya wangu kidogo, halafu akautoa na kurudi kwenye maharage yake. “Asante kwa kunitafutia,” alisema. “Umetembea sana. Kuna kiburu kwenye chungu.” Nilikula zile ndizi na maharage peke yangu, zimepoa, na sikuwa na njaa.

Krismasi iliyofuata, kabla kisu hakijaguswa, Bibi alimwita baba mkubwa.

“La kwetu msinikatie tena.”

“Mama, mimi huwa natania tu.”

“Najua unatania. Usikate. Anayesoma ametafuta, hakuna.”

Baba mkubwa alinitazama. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na alinitazama kama mtu aliyepigwa na mtoto. Mwaka ule aligawa nyama bila swali na bila kicheko, harakaharaka. Mafungu yalipokwisha alibaki amesimama na kisu mkononi, kana kwamba ameruka kitu.

Kwa miaka kadhaa baada ya hapo nilikuwa nikirudi na kitu cha kumpoza: kitenge siku kilipopatikana kwenye duka la ushirika, sabuni, nusu kilo ya sukari niliyoipangia foleni. Alipokea, akanibariki. Hakuzungumzia kwao tena, ila mara moja. Alikuwa amelala, amekuwa mwepesi kiasi kwamba mama aliweza kumgeuza kwa mkono mmoja. Aliniita nisogee.

“Udongo,” alisema. “Nani ataanza?”

Nilitaka kumwambia kwamba udongo hauulizi nani ameanza. Nilikuwa na maneno hayo tayari, nilikwisha kuyasema Mlimani katika mabishano na watu wakanipigia makofi. Niliyameza.

“Nitaanza mimi, Bibi.”

“Wewe si wa kwetu. Wewe ni wa hapa.”

“Nitaanza kwa niaba yao.”

Alifikiri. “Watu watakucheka.”

“Wanacheka nywele zangu tangu zamani.”

Alitabasamu kidogo, meno ya juu tu. Ya chini yalikwisha kung'oka yote.

Tulimzika kihambani, kando ya masale, mimea inayooteshwa mpakani, siku ya mvua, na chai ya waombolezaji haikuwa na sukari. Mchungaji alipomaliza, baba mkubwa alisogea ukingoni akauliza kwa sauti, kama desturi inavyotaka: “Wa kwao wapo?”  Nilitoka kwenye kundi la wajukuu nikaokota udongo. Nilisikia mama mmoja akisema nyuma yangu, “Huyu naye! Huyu si mtoto wa mwanawe, wa ukoo wa hapa?” Baba mkubwa alinyoosha mkono kumnyamazisha bila kugeuka. Niliuweka udongo. Ulikuwa umelowa, ukanishika vidoleni, na kwa muda sikujua niufute wapi.

Nimezeeka sasa kiasi cha kuzozana na vijana wanaonihoji. Muda mrefu baada ya maziko yale nilirudi ofisi ya usharika kutafuta cheti cha ubatizo cha marehemu baba. Karani mzee alikwisha kufa. Vitabu vyote vilikuwa vimetolewa kwenye sanduku vikafungwe upya, na mchungaji kijana aliyesomea Ujerumani alikuwa anavipanga juu ya meza. Nilimwomba anionyeshe namba arobaini na tatu, nimwone Bibi tu. Alinionyesha. Kidole chake kikateleza mpaka pembeni, kwenye ile 212, akasema kama mtu anayesema jambo la kawaida kabisa, “Hii inakupeleka kitabu cha pili, cha watu wazima,” akakivuta na kukifungua.

Namba mia mbili kumi na mbili alikuwa mwanamke, amebatizwa mtu mzima, miaka mingi baada ya Bibi. Mume, kistari. Watoto: mmoja, msichana, namba arobaini na tatu katika kitabu cha kwanza, na chini yake maneno machache ambayo mchungaji alinitafsiria mara mbili kwa sababu nilimwomba arudie: mama ameomba mtoto asiambiwe, ukoo wa baba usije ukamfuata. Mwishoni mwa mstari, kwa Kiswahili na kwa mwandiko wa karani mwingine, iliandikwa tarehe ya kifo, ya mwaka ule niliokuwa kidato cha pili, na kazi ya marehemu: mfagiaji wa kanisa.